Jibu Lililopelekwa kwa Luhaga

Kazi ya Josepha ilikuwa kuuliza habari za watu waliokwisha kufa. Alifika katika kaya ambazo matanga yamekwisha kuanuliwa, akaketi pale alipoonyeshwa, akatoa pole, na baada ya pole akafungua dodoso lake na kuanza: marehemu alianza kuumwa wapi, homa ilikuwapo au haikuwapo, alikohoa, aliharisha, alipoteza fahamu, alivimba miguu. Majibu yalipelekwa Mwanza mjini, kwenye ofisi ya mradi wa utafiti wa afya, na huko kompyuta iliyapima na kutamka jina la maradhi yaliyomwondoa mtu ambaye hakuna daktari aliyepata kumgusa. Ndivyo wataalamu walivyotaka kujua nchi inakufa kwa nini, kwa kuwa wengi wa watu wake walifia nyumbani, na nyumbani hakuna anayetoa cheti.

Hakuwa muuguzi, wala hakupata kusomea utabibu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kagera, katika nyumba ya Wakatoliki iliyozungukwa na migomba, akaolewa na mwalimu aliyeitwa Mutalemwa, akamfuata Butimba alikopangiwa kufundisha, na mume alipofariki akabaki Butimba. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa chama cha ushirika. Kila msimu wa pamba alipelekwa vijiji vya Magu kusimamia mizani, na huko ndiko alikojifunza Kisukuma hata watu wakasahau kwamba si wao. Walimwita Mama Karani. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na malori yao, chama kikapunguza watumishi wake, na Josepha akarudishwa nyumbani akiwa bado na nguvu zake zote. Mradi wa utafiti ulipotafuta mtu mzima, mwenye lugha ya pale na uso ambao wafiwa hawataufungia mlango, ulielekezwa kwake.

Aliichukua kazi ile kama mtu anayechukua ibada. Kabla ya kutoka asubuhi aliyataja mbele za Mungu majina ya wale atakaokwenda kuwauliza habari zao, akiamini kwamba si halali kupekua siku za mwisho za mtu ambaye hukumwombea. Hakuwa na jambo jingine la kujiombea isipokuwa hili, kwamba maswali yake yasiongeze msiba juu ya msiba.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini alifika Mwabulenga, kijiji cha upande wa Magu, katika kaya ya Luhaga. Luhaga alikuwa mkulima wa pamba na mwenye ng'ombe, mtu mrefu, mzito wa kusema. Alikuwa amemzika mwanawe Shimba, kijana mwenye afya ambaye hajaoa bado, mchungaji wa mifugo yote ya baba yake. Ndani ya ua uleule wa minyaa, katika nyumba ndogo iliyojitenga, aliishi Mhoja, mjane wa kaka yake Luhaga. Huyu alikuwa mkongwe. Alipika kwa samadi kavu na mabua ya pamba kama wanawake wote wa pale, na moshi wa maisha yake yote ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu.

"Shikamoo, bibi," Josepha alimwamkia alipopita mbele ya nyumba hiyo.

"Marahaba, Mama Karani. Mizani yako umeiacha wapi? Au siku hizi unapima maiti?"

"Napima maneno, bibi."

"Basi njoo kwangu, nitakujazia lori."

Alicheka peke yake. Watu waliokuwa uani hawakucheka, na Josepha aliona kwamba hata hawakugeuka.

Akakaribishwa kwenye kigoda. Justa, mke wa Luhaga na mama wa marehemu, alimletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akakaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe na kuanza kueleza bila kungoja kuulizwa, kama wafanyavyo wanawake ambao wamelirudia jambo moja moyoni mpaka limechubuka.

"Alianza kwa kulalamikia mguu. Pale mbwa alipomng'ata malishoni, wakati tunavuna mpunga. Kidonda kilikuwa kimepona zamani, limebaki kovu tu. Akasema panamtambaa kama siafu. Nikapakanda kwa maji ya moto. Kisha usingizi ukampotea. Kisha akawa anashtuka hata upepo ukipita mlangoni, mtoto mkubwa kama yule, ananishika nguo."

"Mwambie habari ya maji," alisema Luhaga.

"Alikuwa na kiu, mama. Midomo imepasuka kwa kiu."

Luhaga akaendelea mwenyewe. "Huyu shemeji yangu alikuja na maji ndani ya kata. Shimba alipomwona akapiga ukelele, koo likamkaza, akajitupa ukutani. Mbele ya watu. Tangu hapo mate yakawa yanamtoka, anapigana na sisi, mpaka jioni ya kesho yake akanyamaza. Andika hivyo."

"Mwingine yeyote alijaribu kumpa maji?"

"Nani angejaribu tena?"

Josepha aliandika. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika nchi ile, katika miaka ile, vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wakikutwa asubuhi wamekatwa kwa mapanga vitandani mwao, na kila mmoja wao alikuwa na kisa cha namna hii nyuma yake: mtoto aliyekufa, ng'ombe aliyekufa, na neno moja lililosemwa mbele ya watu. Alimtazama Mhoja, aliyekuwa ameketi mbele ya mlango wake akichambua choroko, na akatambua kwamba anamtazama mtu ambaye hukumu yake imekwisha kuandikwa nusu.

Akarudi kwenye maswali yake yaliyopigwa chapa. Homa? Kidogo. Kikohozi? Hapana. Kuhara? Hapana. Je, marehemu alipata ajali au jeraha lolote katika mwezi mmoja kabla ya kifo?

"Hapana," alisema Luhaga, na lilikuwa jibu la kweli, kwa kuwa mbwa yule alikuwa wa zamani zaidi.

Walipomaliza, Josepha alifunga mkoba. Luhaga hakuinuka kumuaga.

"Sasa jibu unaleta lini?"

Kanuni ya mradi ilikuwa wazi: wafiwa hawarudishiwi majibu. Kwingine wengi hawakuuliza, na waliouliza aliwajibu kwa upole kwamba kazi hii ni ya serikali, ya kusaidia wale watakaougua kesho. Alilisema hilo hata sasa.

"Karani," Luhaga alisema, "sisi tukifiwa tunakwenda kwa mfumu. Tunampelekea kuku, anampasua, anasoma ndani yake, anatuambia aliyetuua mtu wetu. Hajatokea mfumu akamla kuku wetu akaenda zake kimya. Wewe tumekupa zaidi ya kuku. Umechukua maneno ya kilio chetu, unayapeleka kwenye mashine. Mashine itasema, siyo?"

"Itasema."

"Kwa hiyo mtajua ninyi, mimi baba yake nisijue?"

Hapo ndipo alipolivunja agizo, na hakulivunja kwa kuzidiwa na hoja. Aliliona jibu kama kinga. Kompyuta ikisema malaria, au uti wa mgongo, au jina lolote la maradhi, basi jina hilo litasimama kati ya panga na kile kitanda cha Mhoja. Akasema, "Nitakuletea jibu, baba Shimba. Lakini nawe uniahidi kitu. Usiende kwa mfumu mpaka nirudi."

Luhaga alifikiri sana. "Sawa. Mashine yako ndiyo itakuwa mfumu wetu."

Neno hilo lilimwingia Josepha kama baridi, lakini alikuwa amekwisha kukubaliana naye, na njiani alijishawishi kwamba amefanya jambo jema.

Ofisi ya mradi ilikuwa katika nyumba ya kupanga upande wa Ilemela, juu ya majabali, ambapo ziwa lilionekana chini likiwa jeupe kwa jua. Chumba cha kompyuta kilikuwa na pazia zito na feni, na kwa hofu ya vumbi watu walivua viatu mlangoni. Mara ya kwanza alipovua vyake Josepha alikumbuka habari ya Musa na kichaka, akaona haya kwa wazo hilo. Mle alikaa Privatus, Mhaya mwenzake, mtu wa Bukoba, mwenye mke na watoto na mzaha usiokwisha. Yeye ndiye aliyeilisha mashine.

"Shikamoo, mama. Leo umetuletea wangapi?"

"Marahaba. Mmoja tu ninayemtaka mbele ya wengine."

Privatus akageuza kurasa za dodoso, akawa anagonga: ndiyo ni moja, hapana ni mbili. Alipofika kwenye ukurasa wa mwisho, ule wenye mistari mitupu ambao Josepha alikuwa ameujaza simulizi ya Justa yote, mpaka pembeni, aliupindua bila kuusoma.

"Na huo?"

"Huu hauingii, mama."

"Hauingii namna gani? Humo ndimo alimokufa mtoto."

"Hauna namba. Mashine inakula ndiyo na hapana. Hadithi ukiilisha inatapika." Akacheka, kisha alipoona hakuchekewa akasema kwa adabu, "Karatasi yenyewe tunaitunza, haipotei. Ila haisomwi."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, na mstari mmoja wa kijani ukatokea.

"Sababu haijulikani," Privatus alisoma.

"Jaribu tena."

"Itasema hilohilo. Wala si kosa, mama, ni uaminifu. Isilolijua haisemi. Mngekuwa na waganga wa namna hii huko Magu pangekuwa na amani."

Josepha alikwenda nyumbani na neno hilo, akalala nalo, akaamka nalo. Kudanganya ilikuwa rahisi. Angesema malaria na nani angemkanusha? Lakini alikuwa mwanamke ambaye hakupata kuongeza ratili moja kwenye mizani ya mtu, na uongo juu ya maiti aliuona ni dhambi ya aina ya pekee, kwa sababu mwenyewe hawezi kujitetea. Tena kadiri alivyolipima jibu lile alizidi kuliona halina ubaya. Halikumtaja mtu yeyote. Lilisema tu kwamba elimu ya wanadamu imefika hapa, ikakoma, na yaliyobaki ni ya Mungu. Mtu mwenye kumcha Mungu angeweza kulipokea jibu hilo na kunyamaza. Ndivyo yeye mwenyewe alivyolipokea la Mutalemwa, ambaye madaktari watatu hawakuelewana juu yake.

Hapo ndipo alipokosea: aliyapima masikio ya watu wengine kwa masikio yake.

Alipofika Mwabulenga alikuta vigoda vimepangwa. Luhaga alikuwa amewaita wazee wa ukoo, kama inavyopasa siku ya kusikiliza matokeo. Mhoja hakuitwa, mlango wake ulikuwa umerudishwa. Josepha akasema alilokuja kulisema, kwa maneno aliyoyatayarisha, taratibu, akieleza kwamba mashine imetafuta kwa uangalifu na haikuona sababu.

Wazee walimgeukia Luhaga. Kisha Luhaga akauliza, "Malaria inaijua?"

"Inaijua."

"Kifua kikuu?"

"Hicho pia."

"Na huu ugonjwa mpya unaowamaliza huko mjini na kwenye visiwa vya wavuvi?"

"Inaujua."

"Kipindupindu, pepopunda, surua, homa ya manjano."

"Inajua kila ulioingizwa ndani yake, baba Shimba. Usioingizwa haiujui."

"Waliouingiza ni nani?"

"Madaktari. Wa hapa na wa Ulaya."

"Madaktari wa hapa na wa Ulaya," mzee mmoja alirudia, akiwageukia wenzake. "Magonjwa yote ya Mungu wameyaweka mle ndani, na huyu wetu hayumo."

"Basi hakuuawa na ugonjwa wa Mungu," alisema Luhaga. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyetua mzigo.

Josepha akaanza kueleza upya. Akasema kutojulikana si kujulikana kwa namna nyingine. Akasema mashine ni chombo tu, kimetengenezwa na watu. Wazee walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakitikisa vichwa, na kila alivyozidi kusema walizidi kuridhika, kwa kuwa waliona anaogopa. Mwisho wake wakamshukuru. Walimshukuru mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Na alipoinuka, Luhaga akamletea kuku mweupe aliyefungwa miguu.

"Sikuombi chochote, baba Shimba."

"Si cha kuomba. Ni haki yake aliyetusomea."

Kukataa mkono wa mfiwa lilikuwa tusi, naye alikuwa amemchukua yule kuku kabla hajaelewa. Ndani ya gari la mradi, kuku yule akiwa miguuni pake anahema kwa mdomo wazi, Josepha alielewa kwamba amelipwa ujira wa mfumu. Alimwambia Antoni, dereva, asimamishe gari, akateremka akasimama kando ya shamba la pamba.

"Umesahau kitu, mama?" Antoni aliuliza.

"Hapana. Endesha."

Asubuhi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Nathaniel, mkuu wa mradi, akiwa na ukurasa ule usiosomwa mkononi. Alimweleza yote, pamoja na kanuni aliyoivunja. Daktari alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi lakini hakuwa mtu mbaya. Aliupokea ukurasa akiwa amesimama, akaanza kuusoma akiwa amesimama, na kabla ya kufika katikati akaketi.

"Mbwa yule alikuwa wa mtu?"

"Sijui. Aling'atwa malishoni."

"Kovu linamtambaa. Anashtuka upepo. Ana kiu na koo linakaza akiona maji." Aliuweka ukurasa juu ya meza na kuulaza kwa kiganja. "Hiki ni kichaa cha mbwa, Mama Josepha. Kama kilivyo kitabuni. Kidonda hupona juu, ugonjwa unaendelea na safari yake ndani, taratibu, mpaka ufike kichwani. Hata angenyweshwa na malaika, angepiga kelele vilevile."

"Kwa nini haikusema?"

Privatus, aliyekuwa ameitwa, alijibu kwa sauti ya chini. Dodoso linauliza majeraha ya mwezi mmoja tu. Baba alisema hapana. Na hapana ni mbili.

"Swali tutalirekebisha duru ijayo," alisema daktari.

"Na jibu la Shimba? Mtalibadilisha?"

Daktari Nathaniel aliinua kiganja kutoka kwenye ukurasa. "Kwenye mashine, hapana. Wote wanapitia kanuni moja. Nikianza kumsahihisha mmoja kwa mkono wangu, utafiti wote unaanguka. Atabaki asiyejulikana. Lakini kijijini nenda, chukua gari sasa hivi. Waambie nimesema mimi."

Njiani alisimama kwa mwenyekiti wa kijiji, akamweleza hofu yake. Mwenyekiti alikuna kidevu. Akasema hajapokea lalamiko lolote. Akauliza amkamate nani, na kwa kosa gani, kosa la kukaa kwenye vigoda? Josepha akaendelea mpaka kwa Luhaga.

Alimkuta ananoa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Justa alikuwa karibu akitwanga. Josepha hakuketi.

"Baba Shimba, jibu limepatikana. Daktari mwenyewe amelisoma. Ni yule mbwa. Ni kichaa cha mbwa. Kinafanya mtu aogope maji, aogope upepo, atoe mate. Hakuna mtu aliyemtendea."

Mchi wa Justa ulisimama hewani.

Luhaga hakuacha kunoa. "Ulikuja jana mbele ya wazee, ukasema haijulikani."

"Nilisema lililokuwa kwenye mashine."

"Na leo mashine imesema mbwa?"

Angeweza kusema ndiyo, na labda ndiyo moja ile ingetosha. "Mashine haikusema. Daktari ndiye aliyesema, baada ya kusoma maneno ya mama Shimba."

"Basi mashine bado inasema haijulikani."

"Ndiyo."

"Karani, mimi si mtoto. Mfumu akisema neno mbele ya ukoo, akalipwa kuku wake, halafu akarudi peke yake kimyakimya na neno jingine, kwetu tunajua kilichotokea. Amepitia nyumba ya pili." Akaelekeza kidevu chake kwenye nyumba ndogo. "Kakupa nini yule? Maana hata mbuzi hana."

"Baba Shimba, muulize mkeo. Aliyemtaja mbwa ni yeye."

Luhaga akamtazama mkewe. Justa akautazama mchi, akaushusha ndani ya kinu, akaendelea kutwanga.

Mhoja alisikiliza habari yote akiwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti. Josepha alimsihi aondoke naye saa ileile. Butimba alikuwa na chumba kitupu, kanisa jirani, na majirani wasiojua macho mekundu ni kitu gani.

"Mbwa," alisema Mhoja. "Nami nilidhani ni mimi. Usicheke. Mtoto alivyolia vile aliponiona, nililala nikijiuliza kama nina kitu ndani yangu ambacho mimi mwenyewe sijaambiwa."

"Huna kitu, bibi. Twende."

"Nikipanda gari lako leo, watu watasema nini?"

"Waache waseme. Utakuwa hai."

"Watasema kakimbia, kumbe kweli. Na Shimba nilimpokea mimi kwa mikono hii alipozaliwa. Huyo Justa alijifungulia hapa, kwenye sakafu unayokanyaga. Niende Butimba kuwa mchawi mgeni? Heri hapa, niwe mchawi mwenyeji." Akacheka kile kicheko chake cha pekee, kisha akaushika mkono wa Josepha. "Mume wangu amelala nyuma ya nyumba, mwanangu. Nimechoka kuhama. Wewe niombee tu."

Josepha alimwombea. Walisali pamoja, ingawa Mhoja hakuwa mbatizwa na aliyafuata maneno kwa nyuma kama anayejifunza wimbo. Kisha Antoni akapiga honi, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda.

Hawakuchukua muda. Watu wasiofahamika waliingia kwa Mhoja usiku wa mnada, wakati vijana wa kaya walikuwa wametumwa kupeleka ng'ombe mnadani na Luhaga mwenyewe amekwenda kulala kwa wakweze. Antoni ndiye aliyemletea Josepha habari, akiwa amesimama mlangoni bila kuvua kofia, na hakueleza sana. Alisema tu kwamba mikono ilikuwa imekatwa pia, ishara kwamba aliiinua. Polisi walifika, wakauliza, wakaondoka. Mazishi yalihudhuriwa na wachache, wakazika upesi, wala matanga hayakuwekwa.

Mwabulenga ilikuwa ndani ya eneo la utafiti, na kila kifo cha eneo lile kilipaswa kuulizwa. Daktari Nathaniel alisema atamtuma mtu mwingine. Josepha alikataa. Alisema mtu aliyeifungua nyumba ile kwa maswali hana haki ya kumwachia mwingine kuifunga.

Akaketi tena kwenye kigoda kilekile. Kanuni ilitaka aulizwe ndugu wa karibu aliyeishi na marehemu, na ndugu huyo alikuwa Luhaga.

"Homa?"

"Hapana."

"Kikohozi?"

"Cha uzee tu. Andika hapana."

"Alipata ajali au jeraha lolote katika mwezi mmoja kabla ya kifo?"

"Ndiyo," alisema Luhaga, akimtazama usoni bila kupepesa.

Hapo Josepha alijua kwamba safari hii mashine haitasita. Ingesoma moja ile, itoe mstari wake wa kijani, na Privatus angesoma kwa sauti: majeraha. Lingekuwa jibu sahihi, lisilo na doa, nalo lingehesabiwa pamoja na wale walioanguka kutoka juu ya miembe na waliogongwa na magari katika barabara ya Musoma. Dodoso halikuuliza ni mkono wa nani. Yeye akauliza.

"Nani alimfanyia, baba Shimba?"

"Hilo limo kwenye karatasi yako?"

"Halimo."

"Basi haijulikani," alisema Luhaga, akainuka kwenda kuwafungulia ng'ombe.

Justa ndiye aliyemsindikiza Josepha mpaka barabarani, kama inavyopasa kwa mgeni. Walipita kando ya nyumba ndogo, ambayo paa lake la nyasi lilikuwa limekwisha kushushwa na kuwekwa kwenye zizi la ndama. Walitembea mpaka minyaa ikaisha.

"Mimi nilikuamini," alisema Justa. "Siku ile ya mbwa. Nilikuwa najua ni mbwa hata kabla hujaja, moyo wangu ulijua, ndiyo maana nilianza na mguu."

"Ungesema, mama Shimba."

"Kwa nani?" Aliuliza bila kumlaumu. Akasimama, akajifuta macho kwa pembe ya kanga, na Josepha aliona jinsi yalivyokuwa yamevimba, kwa kilio cha mtoto, kwa moshi, na kwa kilio kingine ambacho hakuruhusiwa kukilia mbele ya watu. "Nina watoto wengine wanne, Mama Karani. Siku moja mmoja wao ataugua, watoto huugua. Bibi hayupo tena. Mzee wa kike aliyebaki katika kaya hii ni mimi."



"Basi nakuomba," Justa alisema. "Siku hiyo ikifika, usije."

Akampa mkono, akageuka, akarudi ndani ya ua, kwa kuwa moto wa jioni ulikuwa haujawashwa.